Protini ni ileile, mbona mkate haukuumuka?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Naoka mikate ya kuuza hapa Moshi. Mwezi uliopita nilinunua ngano kwa mkulima wa Siha, nikaipeleka kupimwa: protini asilimia 12, sawa na unga wangu wa kila siku. Nikasagisha, nikachekecha. Hamira ileile, chumvi ileile, lakini donge lilitambaa kwenye meza kama uji na mkate ukatoka bapa. Kama gluteni ni protini, nimekosea wapi?

JIBU: Pole sana dada kwa hasara hiyo. Kwa maelezo yako, sioni kosa kwenye ukandaji. Maabara nyingi hupima naitrojeni iliyomo kwenye ngano, kisha huizidisha kwa 5.7. Hesabu hiyo inakupa kiasi cha protini. Haisemi ni protini gani.

Jaribu hivi. Chukua konzi moja ya kila unga, kanda na maji kidogo, acha nusu saa, halafu minyaminya kila donge ndani ya bakuli la maji mpaka maji yaache kuwa meupe. Karibu wanga wote umeondoka. Kinachobaki mkononi, cha rangi ya kijivu na kinachonata kama ulimbo, ndicho gluteni. Sasa kivute. Cha unga wako wa kila siku kitavutika, na ukikiachia kitajikunja kurudi. Cha Siha natarajia kitaning'inia tu, kisha kikatike.

Tofauti hiyo inatokana na makundi mawili ya protini. Gliadini hujikunja kila moja peke yake, na ndizo zinazolifanya donge likubali kusukumwa. Glutenini zinashikana. Ndani yake mna asidi amino (kipande kimoja cha protini) iitwayo sisteini, yenye salfa. Salfa ya sisteini moja huungana na salfa ya sisteini nyingine, hivyo glutenini moja hushika ya pili, ya pili ikashika ya tatu, mpaka ukapata minyororo mirefu mno. Sehemu ya katikati ya glutenini kubwa imejisokota kama springi, na sisteini zake nyingi ziko karibu na ncha mbili. Mtandao huo ndio unaozuia hewa ya hamira isitoroke. Unga wa mahindi hauna mtandao huo, ndiyo maana huwezi kuuvuta.

Sasa tuje kwenye mbegu. Ngano ya mkate imebeba jenomu tatu, yaani seti tatu za kromosomu zinazobeba jeni, A, B na D, zilizotoka kwa aina tatu tofauti za nyasi. Jumla kromosomu 42. Ngano ya makaroni ina A na B tu, kromosomu 28. Jeni za glutenini kubwa zimekaa kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya kwanza ya kila jenomu, na zenye uzito zaidi kwa mwokaji ni zile za D. Hapo mbegu moja inaweza kuwa na jozi ambayo wataalamu huiita 5+10, yaani glutenini namba 5 na namba 10, na nyingine ikawa na 2+12. Glutenini namba 5 ina sisteini moja zaidi ya namba 2. Moja tu! Lakini ni mkono wa ziada wa kushikia, na kwa kawaida aina zenye 5+10 hutoa donge lenye nguvu kuliko zenye 2+12. Mbolea ya naitrojeni itaongeza kiasi cha protini, lakini haiwezi kugeuza 2 kuwa 5.

Kwa hiyo muulize mkulima jina la mbegu aliyopanda, kisha ulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Selian hapa Arusha, ngano wanaijua. Mkulima muulize pia kama ngano ilinyeshewa kabla ya kuvunwa. Punje zikianza kuota shambani, vimeng'enya hukatakata wanga, na ungeona nyama ya mkate inanatanata kwenye kisu.

Unga uliobaki usiutupe, tafadhali. Donge laini lisilojikunja ni rafiki wa chapati, maana ukilisukuma linabaki pale ulipolifikisha. Kwa mkate, anza kwa kuchanganya robo yake na robo tatu za unga wako wa kawaida, punguza maji kidogo, uone donge linavyosimama.