Ulipoibiwa, Ulikwenda Kituoni?

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji, binti wa Muheza anayesoma chuo. "Shikamoo kaka. Nimepewa kuandika kuhusu uhalifu Jiji la Tanga. Nimepata takwimu za polisi za miaka mitano na zinashuka. Naruhusiwa kuandika kwamba uhalifu umepungua?"

Niliusoma nikiwa ndani ya daladala ya Kange, nikakaa nao siku tatu bila kujibu. Sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe, na ikanipotezea kazi.

Nilikuwa na mkataba na taasisi moja ndogo hapa mjini. Tulikuwa tumefunga taa na kufufua ulinzi shirikishi kwenye mtaa mmoja wa Ngamiani, na mimi nikapewa kazi ya kupima matokeo. Nikaomba idadi ya wizi ulioripotiwa kabla na baada ya mradi. Imeshuka sana! Nikachora grafu ya rangi mbili, nikavaa shati la mikono mirefu, nikaenda kuwasomea wananchi kwenye mkutano wa mtaa, chini ya mwarobaini.

Nilipomaliza, bibi mmoja muuza vitumbua akanyoosha mkono. "Mwanangu, hiyo hesabu yako na mimi nimo?" Nikamwambia kama aliripoti, yumo. Akamtuma mjukuu wake nyumbani. Kijana akarudi na mnyororo wa baiskeli. Kufuli lilikuwa bado limefungwa, funguo bibi anayo shingoni, ila pete moja ya mnyororo ilikuwa imekatwa, na pale ilipokatwa chuma kilikuwa kinang'aa kama kipya. "Hii ni baiskeli ya tatu," akasema. Kisha akawageukia watu: walioibiwa mwaka huu wasimame. Wakasimama wengi, wake kwa waume. Akasema asiye na RB, ile namba unayopewa polisi ukiripoti, akae. Walibaki wawili.

Hiyo picha sijaisahau.

Baada ya mkutano nilibaki nikawauliza mmoja mmoja. Kumbe kituo kidogo cha karibu kilikuwa kwenye ukarabati miezi ile ile ya mradi wetu, na kwenda kituo kingine ni kupoteza nusu siku ya biashara. Mwingine aliambiwa alete risiti ya baiskeli, naye aliinunua mkononi kwa jirani. Mwingine anamjua mwizi, ni mtoto wa nyumba ya pili, wakamaliza kwa mwenyekiti wa mtaa. Na walioibiwa simu wengi walichukua taarifa ya upotevu, kwa sababu wanachotaka ni kurudisha laini yao haraka. Kwa hiyo wizi unaandikwa kuwa kitu kimepotea.

Hapo ndipo niliona aibu, maana mimi pia nilikwapuliwa simu stendi mwaka mmoja kabla, na nilipoulizwa nikasema imepotea. Nilikuwa nimeitoa simu yangu mwenyewe kwenye hesabu ya wizi, kisha nikaja kuitetea hesabu hiyo mbele za watu.

Niliporudi ofisini nikaomba tuandike upya ripoti. Nikaambiwa nitawachanganya wafadhili. Ripoti ikaenda na grafu yangu vilevile, na mkataba wangu haukuongezwa. Nasema wazi kwamba bado inaniuma, kwa sababu jina langu liko kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti hiyo hadi leo.

Miaka miwili iliyofuata nilisoma. Nikakuta kwamba Adolphe Quetelet wa Ubelgiji alishasema katika karne ya 19 kwamba tunayahesabu makosa yaliyojulikana tu, na yasiyojulikana ni mengi kuliko hayo. Ndiyo maana Marekani tangu miaka ya 1970, na Uingereza tangu 1982, wanapita majumbani kuwauliza watu walichotendewa, wameripoti au hawajaripoti. Hata kuripoti peke yake hakutoshi. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi huko Uingereza walikuta makosa kama 19 kati ya kila 100 yaliyofikishwa polisi hayakuandikwa kama makosa, na kwa makosa ya kingono yalikuwa 26. Mwaka huo huo mamlaka yao ya takwimu ikaziondolea takwimu za polisi hadhi ya Takwimu za Taifa, yaani alama ya takwimu zinazoaminika. Nchi yenye kompyuta kila meza! Basi na sisi tusione haya kuuliza.

Kwa hiyo binti yangu, na wewe unayetaka siku moja kuitwa mtaalamu, jambo la kwanza ni kuuliza nani alifika kaunta ya polisi. Usiziweke takwimu zote kwenye kapu moja. Polisi wetu wanatenganisha makosa dhidi ya binadamu, ya kuwania mali na ya maadili ya jamii, na kila kundi linafichika kwa namna yake. Mauaji ndiyo yanayoaminika zaidi, maana maiti haifichiki kirahisi kama baiskeli. Kipigo cha ndani ya nyumba mara nyingi hakionekani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 uliwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49 faraghani, na 40 kati ya 100 walisema wameshapigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikisha miaka 15. Wangapi kati yao waliandikwa kituoni? Ndiyo maana pakifunguliwa dawati la jinsia na watoto kituoni, kesi zikipanda usikimbilie kuandika kwamba wanaume wamekuwa wabaya zaidi. Pengine wanawake wamepata mtu wa kuwasikiliza.

Na ugawe kwa idadi ya watu. Jiji la Tanga lilikuwa na watu kama 273,000 kwenye sensa ya 2012, na kama 393,000 kwenye ile ya 2022. Wizi ukibaki uleule miaka kumi, kila mkazi ana hatari ndogo kuliko zamani.

Tena uliza nani alifika kaunta. Narudia kwa sababu vijana wengi mnaipenda grafu kuliko mwenye baiskeli. Mwezi uliopita ripoti niliyoiongoza, ya nyumba kwa nyumba, ilipokelewa bila kufutwa hata mstari mmoja. Nililia kidogo, sitaficha.

Binti nimemjibu hivi: andika "makosa yaliyoripotiwa polisi yamepungua", na usiongeze neno mpaka uwe umewauliza watu. Amesema ameshanunua kauntabuku na Jumamosi anaanza Makorora. Nimemwambia swali la kwanza liwe la wizi, la pili liwe lile la yule bibi: una RB?