Mafunzo ya dawa za shamba: anzeni na maji ya rangi

Dada uliyeuliza kutoka Mwakirunge, Mombasa, nimelisoma swali lako mara mbili. Kikundi chenu kinalima mchicha, bamia na biringanya, pampu ya mgongoni ni moja ya kupokezana, na tangu mwenzenu aanguke baada ya kupulizia mnataka siku moja ya mafunzo. Mmepewa mabango ya kubandika ukutani na hamjui pa kuanzia.

Yawekeni mabango kando kwanza. Chukueni pampu ile ile mnayoitumia, ioshwe mara tatu kwa maji na sabuni, kisha tieni lita 10 za maji yenye rangi nyekundu ya chakula. Msiitengeneze chochote, ibaki na kasoro zake. Mpulizaji avae shati jeupe kuukuu na suruali nyeupe, apige matuta mawili kama desturi yake, halafu nguo zitundikwe kwenye kamba watu wote wazione. Kila doa hapo ni somo lake, na hakuna wa kubishana na shati.

Doa la mgongoni na kiunoni hutoka kwenye mfuniko. Gasketi, yaani mpira wa kuziba mfuniko, imekatika, au pampu imejazwa hadi mdomoni, na kila ukiinama maji humwagika. Gasketi mpya si ghali. Pampu ya lita 20 isijazwe kupita alama. Doa la mapajani ni la kupita katikati ya majani ambayo ndiyo kwanza yamelowa. Tibaye ni kupulizia ubavuni huku ukirudi nyuma, upepo ukiwa mgongoni au upande wako. Huku kwetu upepo wa baharini huzidi kadiri jua linavyopanda, iwe kusi au kaskazi, kwa hiyo kazi iishe kabla ya saa tatu asubuhi. Kukiwa shwari kabisa pia ngojeni, maana ukungu wa dawa hubaki ukielea ulipo wewe.

Doa la mapajani msilipuuze. Ngozi ya kinena na makwapa hupitisha sumu upesi mara kadhaa kuliko ya mkono, na jasho la Mombasa huongeza balaa. Leso ikilowa dawa hukaa imeshikamana na ngozi mchana kutwa. Mwenye kupulizia avae suruali ndefu ikiwa nje ya gambuti, shati la mikono mirefu, na glavu za mpira wa naitraili. Glavu za ngozi hunyonya dawa na haziokoleki tena. Ukipulizia mboga za chini, mkono wa shati ufunike glavu. Ukipulizia juu, kama mwembe, glavu ndiyo ifunike mkono wa shati, la sivyo maji huteremka hadi kwapani.

Rangi ikionekana midomoni, mtajua mtu amepuliza kwa mdomo nozeli, kile kitundu cha kutolea dawa, iliyoziba. Hii ndiyo tabia ya kukomesha siku hiyo hiyo. Nozeli ifunguliwe, isuguliwe kwa maji na mswaki uliotengwa kwa kazi hiyo. Chelewa laini la mnazi pia lafaa, lakini waya hupanua tundu, na tundu likipanuka dozi yote huharibika.

Baada ya hapo fanyeni zoezi la kuchanganya, kwa rangi nzito isiyozimuliwa. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko kupulizia, kwa kuwa dawa bado ni kali na uso uko karibu. Miwani ya kukinga macho ivaliwe hapa hapa. Mpangilio ni huu: pampu nusu ya maji, dawa iliyopimwa na kukorogwa kwenye ndoo ndogo ya kazi hiyo pekee, kisha maji yaliyobaki. Pimeni kwa kikombe chenye alama au bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano. Vifuniko vya chupa havilingani, na kijiko cha jikoni kisitoke jikoni. Wanaoongeza "kidogo" ili wadudu wafe haraka huunguza majani, na wadudu wanaosalia ndio wanaozaa kizazi sugu.

Pimeni na maji. Tengeni eneo la mita 10 kwa 10, mpulizaji apulizie maji matupu kwa mwendo wake, halafu mpime yaliyotumika. Ikiwa ni lita 4, ekari moja itataka takriban lita 160, yaani pampu nane za lita 20. Bila hesabu hii, dawa hubaki mwishoni, na inayobaki humwagwa karibu na kisima. Ardhi yetu ni ya mchanga na mawe ya matumbawe, inavuja kama chujio, na kisima ndicho mnachonywea.

Chupa iliyokwisha: maji robo, funga, tikisa nusu dakika, mimina kwenye pampu, mara tatu, kisha itobolewe. Isiyotobolewa itatiwa mafuta ya taa leo na mafuta ya nazi kesho. Wala dawa isihamishwe kwenye chupa ya soda hata kwa saa moja.

Jambo gumu zaidi kwenu ni mavuno. Lebo inataja siku za kungoja kabla ya kuvuna, pengine 7 au 14, na bamia huchumwa kila baada ya siku mbili au tatu. Basi chumeni zote zilizokomaa kwanza, ndipo mpulizie, mfunge kitambaa chekundu kwenye mti penye tuta na kuandika tarehe ya kuvuna tena. Agroveti aulizwe dawa yenye siku chache zaidi. Chupa iwe na namba ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya ya kudhibiti dawa za wadudu, na mtazame utepe wa rangi: nyekundu ni kali mno, kisha manjano, buluu, kijani. Kijani nayo ni sumu. Binafsi ningependa tuache kuiita "dawa" mbele ya watoto, neno hilo huwapa imani.

Waiteni pia wanaofua. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, kwa glavu, zisichanganywe na za mtoto.

Kuhusu kuugua: kichwa kuuma na jasho hudhaniwa ni jua au malaria, mtu akanywa panadoli akalala. Mboni zikisinyaa kama ncha ya sindano, mate na machozi yakitoka, tumbo likisokota, kifua kikibana, misuli ikitetema, yaelekea ni sumu ya dawa za wadudu za kundi la oganofosfeti au linalofanana nalo. Mtoeni shambani, mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, macho dakika 15. Anayemwosha avae glavu. Msimtapishe, msimpe maziwa. Mpelekeni hospitali pamoja na chupa yenye lebo. Kabla ya siku ya mafunzo ulizeni kituo kipi cha karibu kina atropini, dawa ya kutibu sumu hiyo, na namba ya simu ya mwenye gari iandikwe kwenye sanduku la kuhifadhia dawa za shamba. Na debe la lita 20 la maji safi na kipande cha sabuni viwe pembeni mwa shamba kabla chupa haijafunguliwa.

Wiki mbili baadaye pitieni mkague vitu vinne: gasketi, sanduku la dawa liwe na kufuli, vitambaa vyekundu vyenye tarehe, na debe la maji. Pampu ikiwa bado inavuja, isitoke stoo hadi itengenezwe.