Jibu: Hitilafu ya daraja la 3, meli inaweza kung'oa nanga?

Habari ndugu. Umeuliza kama meli ya Jeshi la Majini la Marekani yenye CASREP, yaani ripoti ya hitilafu, ya daraja la 3 imezuiwa kusafiri. Hapana. Namba haipimi ukubwa wa kifaa, inapima jukumu la meli lililoguswa. La 3 maana yake jukumu kuu limedhoofika sana ila bado lipo. La 4, limepotea kabisa. La 2 ni jepesi zaidi.

Kwanza angalia kama kuna kifaa mbadala. Nimefanya kazi chumba cha injini: pampu ya kupozea ilipokufa, tulisafiri kwa ile ya akiba. Ya pili ilipoanza kuvuja kwenye sili, tulibaki gatini. Uamuzi wa kuondoka ni wa makamanda, si wa namba.