Pachi Ikikupendeza, Rekodi Papo Hapo

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Arusha aliniandikia: "Kaka, nimeweka nobu zote kama kwenye picha yako, mbona yangu inakoroma tu?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Swali hilohilo lilishaniaibisha mbele ya watu.

Nina Benjolin, mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme, niliyoilehemu mwenyewe, miezi miwili, usiku baada ya kazi. (Mnisamehe, hilo sitachoka kulitaja.) Aliyeibuni ni Rob Hordijk, Mholanzi. Ndani mna osileta mbili, yaani saketi zinazotoa mawimbi ya sauti: moja inapiga hodi, nyingine inajibu ndiyo au hapana. Kila jibu linaingia kwenye foleni yenye nafasi 8, na majibu matatu ya mwisho kwenye foleni yanageuzwa kuwa volteji ya ngazi 8, ambayo inarudi kusukuma masafa ya osileta zilezile. Yaani jibu linambadilisha aliyeuliza.

Nyumbani nilipata pachi, yaani mpangilio wa waya na nobu, yenye sauti ya mvua ya kwanza juu ya bati, na mbali kidogo chura mmoja. Nikaweka alama za kalamu nyeupe kwenye nobu, nikapiga picha, nikalala kama bwana harusi.

Siku ya onyesho ilikuwa Februari, Dar, uwanjani, jua limezama lakini joto halijatoka. Nobu zote kwenye alama. Kikatoka king'ora. Nikagusa moja, ikawa bodaboda iliyokwama kwenye tope. Dakika ya nane fundi mitambo akanishusha bila hata kunitazama, akapiga singeli, watu wakaruka. Sina ugomvi na singeli. Ila angenitazama.

Osileta za analogi huyumba na joto. Kwenye pachi ya kawaida ungesikia noti imepanda au kushuka kidogo, ukairekebisha, basi. Kwenye vurugu kama ya Benjolin, ambako kila jibu linarudi kumbadilisha aliyeuliza, kidogo hicho kinageuza kila kitu. Mwaka 1961 Edward Lorenz alirudia hesabu zake za hali ya hewa kwenye kompyuta, akaandika 0.506 badala ya 0.506127, na baada ya muda matokeo hayakufanana tena hata chembe. Wewe na kalamu yako nyeupe unadhani unaweka desimali ngapi?

Kwa hiyo rekodi. Usipige picha, rekodi sauti, tangu unapochomeka waya wa kwanza. Kama huna vifaa, VCV Rack, programu ya kuunganisha mashine kama hizi, ni bure kwenye kompyuta: chukua osileta mbili, kila moja iisukume mwenzake, lakini anza na visukumo vyote viwili (nobu za kiasi cha kusukuma) kwenye sifuri na upandishe kimoja tu, polepole, mpaka sauti ianze kupasuka. Mahali penye raha ni hapo kwenye mpasuko, ukizidi unapata kelele tupu. Weka limita, ya kuzuia sauti isizidi kiwango, kabla ya spika, masikio hayana spea. Na uwe unarekodi.

Vijana wa siku hizi mnataka kila sauti iwe na kitufe cha kuihifadhi. Mnaomba pachi kama mnavyoomba namba ya wifi. Kaa na mashine, ikujue, uijue, uvumilie wiki nzima ya kukoroma. Mimi nilivumilia.

Wewe wa Arusha, ulichotumiwa ni picha kwa sababu hata mimi sina kingine. Usiku ule wa mvua na chura sikurekodi.