Konokono wa maji baridi, maji matamu au maji safi?

SWALI: Naandaa bango la afya kwa wanafunzi wa darasa la tano hapa Ukerewe. Niliandika: "Konokono wa maji safi huambukiza kichocho." Mwalimu mwenzangu akafuta "safi" akaandika "baridi". Mwanafunzi mmoja akatuuliza, mbona ziwa letu halina baridi? Lipi ni sahihi? Na je, konokono na koa ni kitu kimoja?

JIBU: Mwalimu, mwenzako yuko sahihi, na huyo mwanafunzi anastahili kujibiwa vizuri.

Tuanze na "maji safi", maana hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Kwa Kiswahili maji safi ni maji yasiyo na uchafu. Mamlaka zetu za maji zimefika hadi kuliunganisha kuwa neno moja, "majisafi", likikabiliana na "majitaka". Wanaoandika "konokono wa maji safi" wanafuata Kiingereza, ambako neno moja, "fresh", hubeba upya, usafi na kukosa chumvi kwa pamoja. Sisi hatuna neno la namna hiyo, wala hatulihitaji. Sasa mfikirie mtoto aliyesoma bango lako. Anafika lamboni, anakuta tope na magugu, anajiambia: haya si maji safi, konokono wa mwalimu hawamo. Anavua viatu, anaingia. Kumbe konokono hao hupenda hasa mahali pa namna hiyo: maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole, karibu na ukingo, penye majani ya kushikamana nayo na kutagia mayai.

"Maji baridi" ndilo neno la wavuvi, la maofisa uvuvi na la vitabu vya biolojia. Sato na sangara ni samaki wa maji baridi. Changu na tasi ni wa maji chumvi. Hapa baridi haipimwi kwa kipimajoto, inapingana na chumvi tu. Pwani utasikia zaidi "maji matamu", na utamu huo nao hauna sukari: ni maji ya kisima yanayonyweka, tofauti na ya bahari. Kamusi za zamani zimehifadhi hata "maji ya pepo" kwa maana hiyohiyo, na ningefurahi sana neno hilo likirudi midomoni. Kwa hiyo ukiandika "maji matamu" hukukosea. Kwa bango la shule ya kanda ya ziwa, mimi ningechagua "maji baridi", kisha nieleze mara moja kwamba maana yake ni maji yasiyo na chumvi.

Mwambie mwanafunzi wako kwamba ameona jambo la kweli. Maji ya juu ya Ziwa Victoria yana joto la karibu nyuzi 25 za Selsiasi, na hilo ni joto linalowafaa konokono na minyoo wanaolelewa ndani yao. Usijaribu kulikwepa neno kwa kuandika "konokono wa ziwani". Natron ni ziwa, Magadi ni ziwa, lakini maji yake ni ya magadi makali, na konokono wa kichocho hawaishi humo. Tena wa kwenu hawakai ziwani peke yake: wamo kwenye malambo, mifereji na majaruba ya mpunga.

Nakuomba pia uitazame upya sentensi yenyewe, kwa sababu ina mambo mawili yanayopotosha.

La kwanza ni kwamba umewashtaki konokono wote. Weka "baadhi ya". Wanaolea minyoo wa kichocho katika Afrika ni wa jamii mbili. Biomphalaria, walio wengi huko kwenu, wana gamba bapa lililojiviringa kama kamba iliyokunjwa sakafuni. Hao ndio wa kichocho cha matumbo. Bulinus wana gamba lililochongoka, na ukilisimamisha ncha ikiwa juu, mlango wake hukaa kushoto; hao ni wa kichocho cha mkojo, kinachojulikana sana Unguja na Pemba. Wote wawili hawana kile kifuniko kigumu cha kuzibia mlango. Konokono wa maji baridi mwenye kifuniko, kama wale wakubwa wa mviringo wa mabwawani, hahusiki na kichocho huku kwetu Afrika. Na wapo wanaostahili kusifiwa kabisa: kule Ziwa Tanganyika, magamba matupu ya konokono aitwaye Neothauma yametandaza sakafu ya ziwa katika sehemu nyingi, na samaki wadogo huyafanya nyumba, hutaga humo na kulea watoto wao. Mtoto wa Kigoma akisoma bango lako atadhani hao nao ni adui.

La pili ni kitenzi "huambukiza". Konokono haumi wala hagusi mtu. Mayai ya minyoo hufika majini kwa kinyesi au mkojo wa mgonjwa. Yakianguliwa, lava wake (yaani mnyoo mchanga) hutafuta konokono na kumwingia. Baada ya mwezi mmoja hivi, konokono huyo mmoja huanza kutoa lava wengi wa namna nyingine, hasa jua likiwa kali, na hao ndio wanaopenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Mtu anaambukizwa na maji, na maji yanachafuliwa na mtu. Konokono yuko katikati, ndiyo maana wanabiolojia humwita "mwenyeji wa kati". Kitenzi "kulea" kinanipendeza zaidi. Minyoo wenyewe daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliwaona Cairo mwaka 1851, na kutoka kwake tukapata "bilhazia". Lakini sehemu ya konokono haikuthibitishwa Misri mpaka mwaka 1915, na mtaalamu wa minyoo, Mwingereza Robert Leiper. Jina letu "kichocho" linatosha, halihitaji msaada wa bilhazia.

Upatanisho: ni kiumbe hai, kwa hiyo konokono huyu, konokono hawa, si "konokono hizi". Hali kadhalika minyoo: wengi husema "minyoo ya kichocho" kwa kufuata umbo la neno, lakini katika maandishi ya shule andika "minyoo wa kichocho".

Koa ni mwingine. Kwa Kiswahili sanifu koa hana gamba la nje. Ni yule laini wa kwenye mboga za bustanini baada ya mvua. Zipo sehemu zinazomwita konokono koa, nami sizilaumu, ila kwenye bango tofauti hiyo ina kazi, kwa sababu gamba ndilo mtoto atakaloliona kwanza.

Ningeandika hivi:

"Baadhi ya konokono wa maji baridi (maji yasiyo na chumvi) hulea minyoo wa kichocho. Minyoo hao hutoka kwa konokono, huogelea majini, na hupenya ngozi yako unapooga, unapovua au unapocheza ziwani. Tumia choo, usijisaidie majini."

Pembeni chora Biomphalaria, na umchore akiwa bapa.