Kabla ya Kulaumu Mshipi, Jaribu Fundo Lako Nyumbani

Ukikaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, asubuhi utasikia habari za sangara waliokata mshipi, na kila aliyeponyoka ni mkubwa kuliko wote walioletwa sokoni. Sibishi, maana sangara anaweza kukaribia urefu wa mita 2. Ila nikiulizwa mimi, wengi wa samaki hao hawakukata chochote. Fundo ndilo lililowaachia.

Ushahidi unabaki kwenye ncha ya uzi, na watu huutupa bila kuutazama. Ncha ikiwa imejikunja pindipindi, fundo liliteleza hadi likafunguka. Ikiwa imekatika mkato mmoja pale pale ndoano ilipokuwa, uzi ulikatikia kwenye fundo. Ikiwa ina mikwaruzo na imefifia kuwa nyeupe, hapo laumu jiwe, au ukingo mkali wa mashavu ya sangara mwenyewe.

Namba iliyoandikwa kwenye rola ya nailoni ni ya uzi mnyoofu usio na fundo. Lebo ikisema pauni 20, hiyo ni kama kilo 9. Sasa funga fundo la kawaida, lile tulilokuwa tukifungia mifuko ya rambo kabla haijapigwa marufuku mwaka 2019, na nguvu ya uzi huo inaweza kushuka karibu nusu. Uzi unapojibana wenyewe kwenye kona kali, mzigo wote huelemea sehemu moja. Ndiyo maana mafundo mazuri yana mizunguko mingi: yanaugawa mzigo kabla haujafika kwenye kona.

Kujua fundo lako linabeba kiasi gani hakuhitaji maabara. Mimi hutumia ndoo ya lita 20, jagi la lita moja lenye alama, na bomba la chuma lililolazwa na kufungwa imara uani. Uzuri wa maji ni kwamba lita moja ni kilo moja, huna haja ya mizani. (Tunaishi Mwanza, Jiji la Mawe, na kuna watakaosema si utie mawe tu. Tia, kama yamekuja na uzito wake umeandikwa.) Ndoo tupu nayo ina uzito, kwa kawaida karibu kilo moja, ipime mara moja kwa muuza samaki mwenye mizani ya kuning'iniza, kisha uandike ubavuni mwake.

Usiufunge uzi kwenye bomba kwa fundo jingine, maana hutajua ni fundo gani umelijaribu. Uzungushe kwenye bomba mara kumi hivi, ndipo ufunge ncha. Msuguano wa ile mizunguko utabeba mzigo, na fundo la mwisho halitahisi kitu. Upande wa chini funga fundo unalotaka kulipima kwenye ndoano kuukuu, nene, iliyokatwa ncha, kisha uipachike kwenye mpini wa ndoo. Acha ndoo iwe kiganja kimoja tu juu ya ardhi. Mimina jagi moja, subiri kidogo, mimina jingine. Watoto wakae mbali, na uso wako usiwe karibu na uzi, kwa sababu nailoni huvutika, na ikikatika hurudi kwa kasi ya kutoboa jicho. Kama una miwani, vaa.

Jambo ambalo watu hulipuuza ni maji kwenye uzi wenyewe. Nailoni hunywa maji, na ikilowa hupungua nguvu kiasi. Basi loweka uzi kwenye beseni usiku kucha ndipo ujaribu. Hakuna anayevua sangara pakavu. Na wakati wa kukaza fundo, lilowanishe kwa mate au maji. Ukilivuta likiwa kavu, msuguano hutoa joto, joto huuharibu uzi, nawe huoni kitu kwa macho. Jaribu yote mawili kwenye ndoo, lililokazwa kavu na lililokazwa bichi, halafu utaacha kubishana na wazee wanaotemea mate kila fundo.

Kwa ndoano zenye tundu, fundo ninalolitegemea ni palomari. Kunja uzi mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu, funga fundo la kawaida bila kulikaza, kisha pitisha ndoano nzima ndani ya kitanzi ndipo ukaze. Linafaa pia kwa uzi wa kusuka, ambao ni laini na huteleza kwenye mafundo mengi. Ndoano zenye kichwa bapa zisizo na tundu, hizo uzi huviringwa shingoni, na kipimo chake ni kile kile.

Kama unataka tu kujua fundo lipi ni bora kati ya mawili, hata ndoo huihitaji. Chukua kipande kimoja cha uzi, funga fundo hili upande huu na lile upande wa pili, kila moja kwenye ndoano iliyokatwa ncha, kisha vuta kwa koleo mbili hadi moja likubali kushindwa. Rudia, kwa sababu mara moja ni bahati.

Hapo kwenye kurudia ndipo penye hukumu yangu. Usichukue wastani. Chukua kipimo cha chini kabisa. Fundo linalobeba kilo 8 leo na kilo 4 kesho ni fundo la kilo 4, kwa sababu ziwani hujui umefunga lipi. Bora fundo dogo sifa ambalo vidole vyako hulifunga sawasawa hata gizani, mtumbwi ukiyumba.

Ndoo ina upungufu wake: inaning'inia kwa utulivu, sangara hatulii. Akiwa ndani ya maji uzito wake hauonekani sana, lakini akishtuka hutoa mvuto mkubwa kuliko kilo zake, na ukimwinua juu ya ukingo wa mtumbwi uzito wote unahamia kwenye uzi. Kwa hiyo sithubutu kuvuta zaidi ya nusu ya kile ndoo iliniambia, na samaki mkubwa naingiza wavu wa mkono chini yake.

Tukivua juu ya miamba, kama kule Luchelele, uzi husagika upesi. Pima kipande kipya, halafu pima kingine ulichokisugua kwenye jiwe mara chache. Tofauti yake itakufanya ukate mita za mwisho za mshipi wako kila unaporudi nyumbani. Jua nalo huichosha nailoni, kwa hiyo rola isikae dirishani.

Vipande vilivyokatika viokote vyote, uvikate vifupi na kuviweka kwenye chupa yenye kifuniko. Ukiviacha uani vitawafunga kuku miguu.