Kabla ya kununua kebo nyingine ya ambreyaji, angalia leva

Motari (dereva wa pikipiki ya abiria) mmoja wa Ndosho, hapa Goma, ameandika analalamika: pikipiki yake ya zamani inakata kebo ya ambreyaji, yaani klachi, kila baada ya muda mfupi, na fundi wake anamwambia kebo za siku hizi zote ni feki. Ameambatanisha picha. Waya umekatika chini kidogo ya kichwa cha juu, kile kinachoingia kwenye leva ya mkononi. Nyuzi chache zinang'aa, nyingine nyingi zimeshika kutu kwenye ncha. Hizo zenye kutu zilikatika zamani, moja moja, na pikipiki ikaendelea kubeba abiria kwa nyuzi zilizobaki.

Kebo feki zipo, maduka ya Birere yamejaa. Lakini kebo iliyokatikia hapo, kwa namna hiyo, imeuawa na leva, na ukiweka mpya kwenye leva ileile utarudi dukani tena.

Kichwa cha kebo ni kipande kidogo cha mviringo kilichokaa kwenye tundu la leva. Leva ikivutwa, kichwa kinatakiwa kuzunguka ndani ya tundu ili waya ubaki umenyooka. Kikikwama, waya unakunjwa palepale shingoni kila unapobadili gia, na anayefanya kazi kati ya Signers na Birere anabadili gia kutwa nzima. Chuma chochote ukikikunja na kukikunjua hivyo kitakatika. Goma tuna tatizo la ziada: vumbi la mawe ya volkano lina makali, na likiingia kwenye grisi linakuwa msasa.

Kwa hiyo fungua leva kwanza. Mara nyingi ni bolti moja na nati ya 10 kwa chini. Isafishe kwa petroli na kitambaa, halafu chukua kichwa cha kebo mpya ukizungushe ndani ya tundu kwa vidole. Kama hakizunguki, laini tundu kwa msasa mwembamba na uondoe kona kali ambako waya unapita. Kama tundu limelika na kuwa refu kama yai, au bolti inacheza sana, nunua leva mpya. Paka grisi kidogo kwenye kichwa na kwenye bolti, hapo tu.

Dukani nenda na kebo ya zamani mkononi. Usiseme tu "nipe ya Boxer", kwa sababu Boxer ya 100 na ya 150 si kitu kimoja, TVS ni nyingine, na kama gidoni (usukani) iliwahi kubadilishwa kuwa ndefu, hata kebo sahihi ya kiwanda itakuwa fupi. Zilaze sambamba: ganda la nje liwe na urefu uleule, na waya unaotokeza uwe na urefu uleule. Sogeza waya wa ndani kwa mkono. Ukikwaruza ukiwa bado mpya, urudishe.

Kabla ya kuifunga, itie mafuta mepesi, ya cherehani yanatosha. Funga kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye ncha moja ya ganda kiwe kama kikombe, ining'inize, mimina mafuta, subiri yadondoke upande wa chini. Grisi nzito usiisukume ndani ya ganda. Inashika vumbi na kufanya leva iwe nzito.

Kutoa ya zamani: legeza nati ya kufungia kwenye leva, ingiza kirekebishaji cha juu (skrubu ya kukazia au kulegeza kebo) hadi mwisho, panga mkato wake na ule wa nati uwe mstari mmoja ili waya upate kutoka. Legeza nati mbili za chini karibu na injini, nyingi zinataka spana ya 10 au 12. Toa waya kwenye mkono mdogo wa injini, kisha kwenye leva. Kabla ya kuichomoa, funga kamba kwenye ncha yake ya chini. Ukiivuta kutoka juu, kamba inabaki imepita njia sahihi chini ya tangi, nawe unaitumia kuvutia mpya. Isiguse ekzosi, isibanwe na tangi, isipige kona kali.

Sasa kurekebisha, ambako mafundi wengi wanaharibu. Kirekebishaji cha juu kiache kikiwa karibu kimeingia chote, fanya kazi kubwa kwa nati za chini. Ukianza kwa kukitoa cha juu, kebo ikirefuka kidogo utakuwa huna pa kukazia. Unatafuta milimita 10 hadi 20 za ulegevu kwenye ncha ya leva kabla waya haujaanza kuvuta; kwenye shina la leva ni kama milimita 2 au 3. Funga nati, kisha geuza gidoni kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho. Ulegevu ukipotea upande mmoja, kebo imepita vibaya au ni fupi. Mkato wa kirekebishaji uelekee chini ili mvua isiingie, na mpira wake urudi mahali pake.

Ulegevu ukizidi, gia ya kwanza inagonga na pikipiki inatambaa hata ukiwa umevuta leva. Ukikosekana kabisa ni hatari zaidi: sahani za ambreyaji zinateleza, injini inapiga kelele mlimani na pikipiki haipandi, kisha unasikia harufu ya kuungua. Tafadhali acheni kumwambia fundi "kaza iwe nyepesi". Leva nzito inatibiwa kwa mafuta au kebo mpya. Na kama ulegevu uko sawa lakini bado inateleza, uliza ni mafuta gani yamo ndani ya injini. Mafuta ya gari ya kuokoa petroli yanatelezesha sahani za pikipiki. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, alama ya mafuta ya pikipiki. Kama mafuta ni sahihi, mara nyingi sahani zimeisha.

Kebo mpya ikaguliwe tena baada ya siku mbili tatu za kazi, kwa sababu ganda linajikandamiza na ulegevu unaongezeka.

Ikikukatikia njiani kuelekea Sake, usipeleke kichwa kilichokatika kwa fundi wa kuchomelea. Moto wa kuchomelea unalainisha waya na utakatika palepale pembeni ya chomelezo. Toa skrubu ya domino ya umeme (kiungio kidogo cha nyaya) pamoja na shaba yake, ibane kwenye waya iwe kichwa cha muda, shusha abiria, urudi polepole. Na kwa wanaofanya safari ndefu: kebo ya akiba ifunge sambamba na ile inayofanya kazi, ncha zake zote mbili zikiwa zimezibwa kwa utepe wa umeme. Siku ya shida utabadilisha ncha tu, bila kufungua tangi.